Nani atalifungua kabati hili? Maswali yenu kuhusu kazi ya kubuni maonyesho

Tulipowaalika wasomaji waulize kuhusu kazi ya kubuni maonyesho ya makumbusho na bustani za wanyama, tulitegemea barua za "nitasomea wapi". Zilikuja. Zikaja pia za watu ambao tayari wana bisibisi mkononi na jambo linalowanyima usingizi. Tumezifupisha, na zilizofanana tumeziunganisha.

SWALI: Nasoma usanifu majengo, mwaka wa pili. Mbunifu wa maonyesho hufanya nini hasa? Ndiye anayechagua vitu, anayeandika maelezo, au anayepamba ukumbi?

JIBU: Si mmoja wa hao watatu, ingawa mkono wake utapita kote. Vitu huchaguliwa na mtaalamu wa mikusanyo, anayejua kila kimoja kilitoka wapi. Maelezo huandikwa na mwandaaji wa maudhui, pale timu inapokuwa kubwa kiasi cha kuwa naye. Mbunifu hukabidhiwa vitu 200, kurasa 40 za maandishi na ukumbi wenye nguzo mahali pabaya, kisha aamue: mgeni akiingia aone nini kwanza, asimame wapi, asome nini, aketi wapi, na kila kitu kishikiliwe na nini kisianguke. Akishaamua, ayachore yote kwa usahihi ambao fundi asiyemfahamu, katika karakana ya mbali, atajenga bila kumpigia simu kila saa.

Mradi huanza na wazo, ukaja mpangilio, usanifu wa kina, michoro ya ujenzi, utengenezaji, ufungaji, halafu tathmini. Wanaoanza huipenda hatua ya kwanza wakidhani ndiyo kazi yenyewe. Saa nyingi huliwa na michoro ya ujenzi na majedwali: jedwali la vitu, la lebo, la taa, la nyaya. Jedwali la vitu peke yake lina urefu, upana, kina, uzito, hali ya kitu, kiwango cha mwanga kinachoruhusiwa na namna kitakavyoshikiliwa. Safu ya uzito ndiyo huachwa wazi, na ndiyo huleta balaa: rafu imeshachorwa ya kioo cha milimita 6, siku ya kufunga unaletwa mtungi wa kilo 30.

Juu ya kila unachochora jiulize: nani atakifungua, kwa chombo gani, naye atakuwa amesimama wapi? Taa huungua, vumbi hupenya, mdudu huonekana ndani ya kabati Jumamosi jioni. Kabati lisiloweza kufunguliwa na watu wawili bila kuondoa la jirani limechorwa vibaya, hata likipendeza vipi kwenye picha.

Waajiri wako wa aina tatu: makumbusho na bustani zenye idara zao, kampuni za ubunifu zinazoshindania zabuni, na karakana zinazotengeneza. Wengi hukimbilia kampuni za ubunifu. Sisi tungeanzia karakanani. Mwaka mmoja pale unatosha kuona jinsi mbao, chuma na gundi vinavyokataa kuutii mchoro.

SWALI: Nina miaka 41, ni seremala na najua kuchomelea. Shahada sina. Mlango upo?

JIBU: Upo, tena huenda ni mpana kuliko wa mwenye shahada. Kuna ufundi mmoja mdogo ambao mafundi wake ni wa kutafutwa: kutengeneza vishikilio, yaani vile vyuma vyembamba vinavyokishika kitu ndani ya kabati bila mgeni kuviona.

Chukua bakuli la udongo lenye ufa upande mmoja, la kusimamishwa kwa mkao wa kuonyesha ndani. Kwanza, pamoja na mtaalamu wa kuhifadhi vitu, tafuta uzito wake umelalia wapi na sehemu gani ni imara. Karibu na ufa hapaguswi. Pili, pinda waya laini kufuata umbo la bakuli, huo ndio kigezo chako. Tatu, ukiwa mbali na bakuli, pinda fito za shaba ya manjano za milimita 3 kufuata kigezo, uzilehemu kwa lehemu ya fedha. Moto na kitu cha makumbusho havikai meza moja. Nne, osha mabaki yote ya dawa ya kulehemia. Yakibaki yatakula chuma taratibu, na miezi kadhaa baadaye utaona ukoga wa kijani umegusa udongo. Tano, piga tupa ncha zote, zivishe mpira mwembamba unaojibana kwa joto, upake rangi ifanane na bakuli.

Kosa la wanaotoka kwenye useremala ni kubana. Umezoea kwamba kilichobana ndicho imara. Hapa kitu hukalia kishikilio kwa uzito wake chenyewe, na ukucha wa mwisho kazi yake ni kuzuia kisipinduke tu. Ukisikia mlio wowote unapokitia, kitoe uanze upya.

Tengeneza vishikilio vitano vya vitu vyako vya nyumbani, kikombe, kiatu, kitabu kilichofunguliwa, upige picha za mbele na za nyuma. Za nyuma ndizo atakazozikodolea macho mkuu wa karakana.

SWALI: Nisomee nini, na kwenye jalada langu la kazi niweke nini? Nina picha 60 nzuri za kompyuta.

JIBU: Wengi katika fani wametoka kwingine: usanifu majengo, usanifu wa ndani, ubunifu wa bidhaa, michoro ya matangazo, upambaji wa jukwaa la tamthilia. Watu wa jukwaani hasa huingia vizuri, maana wamezoea kuongoza macho ya watu kwa mwanga na kumaliza kazi kabla pazia halijafunguliwa. Kwa anayetaka shahada ya fani hii hasa, Fashion Institute of Technology ya New York ina shahada ya uzamili ya ubunifu wa maonyesho, na Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, kimefundisha taaluma ya makumbusho tangu 1966, ingawa huko uzito uko zaidi kwenye makumbusho yenyewe kuliko kuchora. Jihadhari na orodha za zamani: nyingi bado zinaitaja University of the Arts ya Philadelphia, chuo kilichofungwa Juni 2024.

Picha 60 ni nyingi mno. Weka miradi mitano au sita, na mmoja kati yake uonyeshe safari nzima: mchoro wa penseli, kielelezo cha boksi, mpango wa sakafu kwa kipimo cha 1:50, mkato wa kabati, yaani mchoro wake kana kwamba limepasuliwa katikati, kwa 1:5, na ungio moja kwa 1:2 likionyesha bawaba, mpira wa kuzuia vumbi na skrubu. Anayeajiri amechoka na picha zinazong'aa. Kompyuta inazitoa kwa dakika. Mkato wa 1:2 unaosomeka humwambia kwamba ukipewa kazi Jumatatu, Ijumaa fundi atakuwa na la kufanya.

Programu? AutoCAD au Vectorworks kwa michoro, SketchUp au Rhino kwa umbo, Illustrator na InDesign kwa lebo. Jua moja ya kila kundi kwa undani, nyingine utajifunzia kazini.

SWALI: Nimepewa jukumu la kupanga upya lebo za makumbusho madogo. Wageni hawasomi, na wakubwa wangu wanasema wageni ni wavivu. Ni kweli?

JIBU: Lawama hiyo ina zaidi ya miaka mia. Mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman wa makumbusho ya sanaa ya Boston alichapisha makala kuhusu uchovu wa makumbusho, ikiwa na picha za mtu akijaribu kutazama vitu kwenye makabati: ameinama, amechuchumaa, amekunja shingo. Mtu huyo hakuwa mvivu. Kabati ndilo lililomtesa.

Kwa hiyo anza na miili. Maandishi ya ukutani yakae kati ya sentimita 122 na 168 kutoka sakafuni. Macho ya aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu yapo karibu mita 1.2, hivyo kitu kidogo kilicholazwa kisizidi kimo cha mita 1, la sivyo hatakiona vizuri. Chini ya meza ya maonyesho acha nafasi ya magoti, sentimita 68 au zaidi, na njia iwe na mahali pa kugeuzia kiti, duara la mita 1.5. Kitu kinachotoka ukutani zaidi ya sentimita 10 kwenye kimo cha kati ya goti na kichwa, asiyeona hatakigundua kwa fimbo yake; atakigundua kwa bega.

Kisha herufi. Pima urefu wa herufi ndogo isiyo na mkia wala pembe, kama x. Mwongozo wa Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Marekani, hutaka karibu milimita 9 kwa anayesoma kutoka mita 1, milimita 19 kwa mita 2, na 28 kwa mita 3. Wabunifu wa michoro watalia kwamba ni kubwa mno. Waache walie, halafu mpunguze maneno mpaka yatoshe. Bango la kufungulia ukumbi maneno 150, bango la sehemu 75 hadi 100, lebo ya kitu kimoja isizidi 50. Maandishi ya kijivu juu ya kijivu yapigwe marufuku, na pia maandishi yaliyochapwa juu ya kioo chenyewe, kwa kuwa kivuli chake huangukia nyuma na kila neno likasomeka mara mbili.

Halafu maneno yenyewe. Tuseme kuna kufuli la zamani. Lebo ya kawaida: "Kufuli. Chuma. Ni mfano wa ufundi wa hali ya juu wa wahunzi wa enzi hizo." Mgeni amekwishaona kwamba ni kufuli na ni la chuma, na ufundi wa hali ya juu amesoma kwenye lebo tisa zilizotangulia. Sasa jaribu: "Tundu za ufunguo ni mbili. Ya kulia ni ya uongo. Mwizi angepotezea muda wake hapo." Mgeni atasoma, atarudi kwenye kufuli, atatafuta tundu, atamvuta mwenzake mkono. Lebo isiyomrudisha mtu kwenye kitu haina kazi pale.

Kabla ya kuchapa, toa nakala kwenye karatasi za kawaida, zibandike kwa tepu mahali pake, ukae pembeni uwaangalie wageni 10. Usiwaulize kama wameipenda, watasema ndiyo kwa adabu. Waulize kufuli lina nini.

SWALI: Kwa nini kumbi nyingi za makumbusho ni giza? Na kwa nini fundi wetu alikatazwa kutengeneza kabati la mbao za MDF?

JIBU: Giza ni kwa ajili ya rangi. Nguo, karatasi, manyoya ya ndege na ngozi iliyotiwa rangi huwekewa kikomo cha luksi 50, luksi ikiwa kipimo cha mwanga unaokiangukia kitu. Picha za rangi ya mafuta, mbao na mifupa, kama 200. Mawe, vyuma na vyungu havijali sana. Jeraha la mwanga haliponi: kilichopauka kimepauka, na madhara hujumlishwa. Luksi 50 kwa saa 10 ni sawa na luksi 500 kwa saa 1. Ukumbi ulio wazi saa 10 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, kwa luksi 50, umeshakipa kitu luksi-saa 150,000. Ndiyo maana baadhi ya nguo huonyeshwa miezi michache, kisha zikarudishwa stoo gizani.

Mbunifu mwerevu haongezi taa, hupunguza za nje ya kabati. Mtu akitoka kwenye jua kali akaingizwa moja kwa moja kwenye luksi 50 hataona kitu, naye atalalamika. Mpitishe kwenye ushoroba unaofifia hatua kwa hatua, mkutanishe na bango la kusoma njiani apoteze dakika mbili tatu, macho yatazoea. Akifika kwenye nguo ataiona inang'aa. Taa ya juu ielekezwe kwa pembe ya nyuzi kama 30 kutoka wima. Ukiilaza zaidi itamwaka mgeni machoni, ukiisimamisha zaidi kila kitu kitaota vivuli vya pua.

MDF, mbao za nyuzi zilizoshindiliwa kwa gundi, hutoa mvuke wa fomaldehidi, mwaloni hutoa asidi ya siki. Nje hauusikii, lakini ndani ya kabati lililozibwa vizuri unajikusanya. Vitu vya madini ya risasi huota unga mweupe. Sufi ina salfa, hivyo kitambaa cha sufi chini ya sahani ya fedha kitaifanya nyeusi. Kipimo cha kawaida kilibuniwa na Andrew Oddy wa British Museum mwaka 1973: kipande cha nyenzo huzibwa kwenye chupa pamoja na vipande vya fedha, shaba na risasi na maji kidogo, kikakaa siku 28 kwenye joto la nyuzi 60. Kipande cha chuma kikichafuka, nyenzo hiyo haiingii kabatini. Weka siku hizo 28 kwenye ratiba mapema, pamoja na wiki nne za rangi kukauka sawasawa kabla ya kutia vitu. Ratiba ikibana, kitu cha kwanza meneja kutaka kukikata ni wiki nne hizo. Mkatalie kwa maandishi.

SWALI: Kituo chetu cha sayansi kilifunga mashine za kuchezea watoto. Baada ya miezi miwili nusu yake zilikuwa na karatasi ya "Imeharibika". Mtengenezaji anawalaumu watoto.

JIBU: Tupige hesabu naye. Wageni 1,000 kwa siku, nusu yao wanabonyeza kitufe, kila mmoja mara tatu: ni mibonyezo 1,500. Kitufe cha kawaida kilichotengenezwa kwa mibonyezo 100,000 kitakufa siku ya 67. Miezi miwili na siku kadhaa, kama mlivyoona. Watoto wamefanya kazi yao, aliyeagiza kitufe hakufanya yake. Vitufe vya mashine za michezo ya sarafu huhimili mamilioni, na tofauti ya bei ni ndogo ukilinganisha na fundi kuja mara moja tu.

Mengine huharibika kwa sababu zinazojulikana. Mkono wa kuzungusha utazungushwa kinyume, kwa nguvu zote, na mtoto ameuning'inia. Weka klachi inayoteleza, ili nguvu ikizidi mkono uzunguke bure badala ya kuvunja meno ya giya. Waya unaopita kwenye kitu kinachosogea hukatika palepale kwenye kona, ufunge usivutwe. Kompyuta iliyofungiwa kwenye sanduku lisilo na tundu hupata joto hadi ikajizima. Ipe hewa ya kuingia chini na kutoka juu, na kichujio cha vumbi kinachovutwa kwa nje. Umeme ukikatika na kurudi, kila mashine iwake yenyewe hadi ilipokuwa, bila mtu kutafuta kibodi. Matundu ya kati ya milimita 8 na 25 ni mtego wa vidole, na nafasi za sentimita 9 hadi 23 ni mtego wa kichwa. Yapitie yote na rula.

Exploratorium, makumbusho ya sayansi ya San Francisco aliyoianzisha Frank Oppenheimer mwaka 1969, iliweka karakana yake mahali ambapo wageni wanaiona. Faida yake ni kwamba mafundi nao wanawaona wageni. Kama karakana yenu iko mbali, mfano wa majaribio uliojengwa kwa plaiwudi na skrubu zinazoonekana ukae ukumbini wiki mbili kabla ya kujenga wa kudumu. Na katika mkataba ujao andikeni: vipuri vitatu vya kila kinachoguswa, michoro ya nyaya ndani ya mlango wa kila mashine, na paneli inayofunguliwa kwa ufunguo mmoja kwa mashine zote.

SWALI: Mimi nataka kubuni makazi ya wanyama kwenye bustani zao. Napenda sana wanyama na nachora mandhari. Inatosha?

JIBU: Kuchora mandhari ni mwanzo mzuri, wengi wa upande huu ni wasanifu wa mandhari. Kupenda wanyama hakutoshi, kwa sababu kunaweza kukufanya umchoree mnyama kile kinachokupendeza wewe.

Mfano unaotajwa kila darasani ni bwawa la pengwini la London Zoo, kazi ya msanifu majengo Berthold Lubetkin ya mwaka 1934: njia mbili za zege nyembamba zinazopishana hewani, jengo linalolindwa kisheria kwa uzuri wake hadi leo. Pengwini waliondolewa mwaka 2004, baada ya kupata vidonda vya miguu kwa kutembea juu ya zege.

Historia fupi ya fani itakusaidia kusoma bustani yoyote utakayoingia. Mwaka 1907 Carl Hagenbeck alifungua bustani yake Stellingen, Hamburg, akaondoa nondo na kuweka mahandaki yaliyofichwa. Heini Hediger, aliyeiongoza bustani ya Zürich, alieleza umbali wa kukimbia: kila mnyama ana umbali ambao ukiuvuka lazima aondoke. Eneo lisilompa nafasi hiyo humkalisha na hofu siku nzima, hata liwe na miti mingapi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 bustani ya Woodland Park ya Seattle iliwapa gorila uoto mnene unaoendelea hadi upande wa wageni, kiasi kwamba mgeni ndiye anayejisikia ameingia kwao. Karibu kila bustani mpya imeazima kitu pale.

Lakini chora kuanzia nyuma. Sehemu ambayo mgeni haioni, vyumba vya ndani, njia ya watunzaji, jiko, stoo ya majani, ndiyo inayoamua kama eneo litafanya kazi. Mlango wa mtunzaji ufungukie ndani, upande wa mnyama, ili mnyama akiuegemea aufunge badala ya kuufungua. Milango iwe miwili mfululizo, na kabla ya wa kwanza pawe na dirisha la kumhesabia kila mnyama alipo. Milango ya kuhamishia wanyama iendeshwe kutoka nje, mwendeshaji akiuona mlango kwa macho yake. Kila chumba kiwe na njia mbili za kutokea, la sivyo mnyonge wa kundi atabanwa kwenye kona na kupigwa. Vyumba vizidi idadi ya wanyama angalau kimoja, kwa kuwa kila siku kuna kimoja kinachosafishwa. Sakafu iteremke sentimita 2 kwa kila mita, na bomba la maji machafu lisiwe chini ya sentimita 15. La 10 litazibwa na manyoya na nyasi, na mtunzaji atakukumbuka kila asubuhi kwa maneno yasiyochapika.

Miamba bandia hujengwa kwa kiunzi cha nondo na wavu wa chuma, zege likapuliziwa unene wa sentimita 7 hadi 10, likachongwa saa chache zilezile kabla halijakaza, likamwagiliwa siku 7, ndipo rangi. Wachongaji hupenda vijishimo na vibaraza, maana ndivyo mwamba wa kweli ulivyo. Karibu na ukingo wa juu kila kibaraza ni ngazi, kwa hiyo hapo ukuta uwe laini hata kama unaonekana wa kubuni. Uwazi unaobaki nyuma ya mwamba uzibwe, panya hulipenda sana pango lisilofikika. Na hesabu umbali wa kuruka kutoka kwenye tawi la mti utakavyokuwa baada ya miaka 10. Sokwe, kwa upande wao, watalikokota gogo ulilowawekea hadi ukutani na kulisimamisha. Gogo lifungwe kwa mnyororo kwenye zege lililo ardhini. Handaki la maji huwazuia kwa kuwa hawaogelei, na kwa sababu hiyohiyo huwaua: ukingo wa upande wao uwe na kina kinachoongezeka polepole na wavu wa kujivutia nje.

Wageni watalalamika kwamba mnyama haonekani. Jibu lisiwe kumzungushia madirisha pande zote. Kwa maoni yetu theluthi moja ya mzunguko inatosha, tena kwa vibanda vidogo ambavyo kila kimoja kinaona kipande chake. Mnyama hukaa penye raha. Jiwe lenye nyaya za joto ndani yake, mbele ya kioo, siku ya baridi, litamleta mwenyewe; siku ya joto ni kivuli na upepo. Ukijua anapenda kulala akitazama wapi, unaweza kumwomba kwa adabu alale mbele ya wageni.

Hayo hayapatikani kwenye programu ya kompyuta. Omba kujitolea na watunzaji kwa miezi mitatu, uoshe sakafu, ubebe majani. Soma pia miongozo ya utunzaji wa wanyama mbalimbali inayotolewa na chama cha bustani za wanyama cha Marekani, AZA. Ina vipimo vya uzio, joto na vyumba ambavyo mteja atakutarajia uwe unavijua.

SWALI: Kioo chetu kipya cha kutazamia chui ni cha gharama kubwa, lakini mchana wageni wanajiona wenyewe tu. Tukibadilishe?

JIBU: Msikibadilishe bado. Kioo cha kawaida hurudisha karibu asilimia 8 ya mwanga unaokipiga. Upande wa wageni ukiwa kwenye jua na chui yuko kivulini, hiyo asilimia 8 inatosha kumfunika. Mpako maalumu wa kuzuia mng'ao huishusha hadi karibu asilimia 1, lakini kwa kioo cha nje hukwaruzika na ni ghali. Dawa ya kwanza ni kuwatia wageni kivulini: paa la kina cha mita 2 hadi 3 mbele ya kioo, dari na sakafu za rangi nyeusi au kahawia iliyoiva, kuta za pembeni zilizofungwa. Kwa upande wa chui, punguzeni matawi yanayoutia kivuli uwanja wake, ila aachiwe kivuli cha kulalia.

Kama mtakuja kujenga kingine, kilazeni nyuzi 10 hadi 15, sehemu ya juu ikiwaelekea wageni, ili kinachoakisiwa kiwe sakafu nyeusi na si anga. Kikipauka kwa mvuke asubuhi, tatizo ni hewa, na kipuliza hewa cha chini ya fremu kitalimaliza. Ndege wakikigonga, weka alama zisizoachana zaidi ya sentimita 5.

Kabla ya kulipia paa, pimeni kwa kitambaa cheusi. Watu wawili wakikunjue nyuma ya mgeni saa nne asubuhi, saa saba na saa kumi, wakikisogeza juu na pembeni mpaka taswira ipotee. Andikeni kitambaa kilifika wapi kila saa. Hapo ndipo paa na kuta vinatakiwa viishie.